Boma Moja, Namba Moja

Kazi ya Ezra ilikuwa kuuliza. Ndiyo maana kampuni ya maziwa ya pale Korogwe ilimwajiri, ikampa meza karibu na dirisha na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kilichoandikwa Mchambuzi wa Mifumo. Majirani zake wa Masuguru walidhani anatengeneza kompyuta, wakawa wanamletea simu zilizoingia maji. Hakuwa fundi, wala hakuandika programu. Hiyo ilikuwa kazi ya vijana wa Dar es Salaam ambao hawajawahi kumwona ng'ombe akikamuliwa. Yeye alitumwa kwa watu wenye kazi yao, awaulize wanaifanyaje, nani anampa nani nini, kikikosekana inakuwaje, kisha arudi awaeleze wale vijana kwa maneno wanayoyaelewa. Akieleza sawa, mfumo unatoka sawa. Akieleza kombo, unatoka kombo, na kompyuta haina haya, italirudia kosa lile lile kila asubuhi.

Na aliuliza vizuri, tusimnyime haki yake. Aliwauliza madereva, aliwauliza wapimaji, alimuuliza hata mama anayeosha madumu. Swali moja tu lilimshinda, na hilo alilikuta kwao, Kwamhingo, kwenye nyika ya Handeni, siku ya mkutano wa wafugaji.

Wazee walikaa mbele, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa shuleni. Wanawake walisimama nyuma, wameegemea ukuta wa kituo cha kupokelea maziwa, madumu yako miguuni. Meneja Denis alikuwa amekuja mwenyewe kutoka Korogwe, viatu vimejaa vumbi, ana haraka ya kurudi. Ezra akasoma swali lake: "Maziwa yanayotoka kwenye boma ni ya nani?"

Mzee Kimaren ndiye aliyetangulia kuinua fimbo. "Boma langu, ng'ombe wangu, maziwa yangu," alisema, na wazee wa rika lake wakaitikia kooni. Kule ukutani wanawake wakacheka chini chini, wameziba midomo kwa mashuka.

Walikuwa na haki ya kucheka. Mwanamke wa Kimaasai akiolewa hukabidhiwa ng'ombe wake, na tangu siku hiyo maziwa ya ng'ombe hao ni ya mkono wake. Mume anaweza kuuza dume, anaweza kuamua wachungwe wapi, lakini kibuyu hakigusi. Mwanamume mzima kuchungulia kibuyu cha mkewe ajue kimejaa kiasi gani ni aibu ya kusimuliwa maboma mengine. Hayo kila mtu pale aliyajua. Ila mwanamume akiulizwa mbele ya wageni, atasema vyote ni vyake, na wanawake wenyewe watamwacha aseme, maana ni heshima tu, haimpunguzii mtu kitu.

Ezra naye aliyajua. Mzee Kimaren alikuwa baba yake mzazi. Mama yake, Nalotuesha, alikuwa palepale ukutani, na kwenye mpini wa dumu lake zilifungwa shanga za buluu na nyeupe. Lakini mtoto wa kiume anasimamaje mbele ya wazee wa rika la baba yake, aseme, baba umekosea? Hasimami. Anainamisha kichwa.

"Safi sana," Denis alisema, anatazama saa. "Boma moja, jina moja, namba moja. Imeisha hiyo."

Ezra akaandika hivyo hivyo. Alijiambia atakuja kurekebisha wakiwa wawili tu na Denis, ofisini, kwa utulivu. Kesho yake Denis alikuwa na safari. Kesho kutwa kukawa na kikao. Halafu Ezra akaona, ah, mbona hakuna aliyelalamika.

*

Mfumo uliwashwa mvua za vuli zilipokatika, na Ezra akaja Kwamhingo na gari la kampuni kuangalia unavyokwenda.

Zamani Ramadhan Hiza, mpokeaji wa kituo, alikuwa akipokea dumu la kila mama peke yake. Aliwajua kwa shanga. Buluu na nyeupe, huyu ni Nalotuesha. Nyekundu na njano, huyu ni Naishorua, mke mdogo. Alipima kila dumu, akamlipa kila mmoja mkononi. Sasa maziwa ya boma zima yalimiminwa kwenye dumu moja kubwa, yakapimwa mara moja, na malipo yakaenda kwenye simu ya mwenye boma. Nalotuesha na Naishorua walikuwa wakipewa na mzee kile anachojisikia kuwapa. Walisema litapita.

Asubuhi hiyo Ramadhan alichovya kijiti cha kupimia ndani ya dumu la boma la Kimaren, akangoja, akakiinua kwenye mwanga. Akakitazama tena. Alipobonyeza kishikwambi chake, namba ya boma ikageuka nyekundu.

"Shikamoo mama," alimwambia Nalotuesha, ingawa walishasalimiana. "Humu kuna dawa. Kuna ng'ombe kachomwa sindano, na maziwa yake yamo."

"Ng'ombe wa nani?"

"Mfumo hausemi wa nani. Unasema boma. Umelifunga boma wiki nzima, na haya inabidi niyamwage."

"Boma halina kiwele, Ramadhan," Nalotuesha alisema polepole. "Yangu yako wapi humo ndani? Nitolee yangu."

Ramadhan alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini na uso wake. Akaliburuta dumu hadi kwenye mfereji nyuma ya kituo, akalilaza. Maziwa yakaenda na takataka. Kwenye foleni mama mmoja wa Kizigua alivuta dumu lake akalisogeza mbali na la Nalotuesha, hakusema neno.

Naishorua, aliyekuja naye, akamshika mkono Nalotuesha. "Mimi sijachoma ng'ombe, Yeyo Ezra. Naapa sijachoma."

"Najua. Wewe sindano unaiogopa hata ya mtoto."

Kisha wote wawili wakanyamaza, maana katika boma lile sindano za ng'ombe alichoma mtu mmoja tu, na si la kutamkwa kituoni.

Ezra alikuwa amesimama kando ya gari. Alijikuta ameshika kitambulisho chake na kukiingiza ndani ya shati. Mama yake aliiona mikono yake ikifanya hivyo.

"Yeyo," Ezra alimwita, mama kwa Kimaasai, kama alivyomwita utotoni, "nitalishughulikia."

"Wewe ndiye uliyewaambia tuchanganye?"

"Ni utaratibu wa kampuni."

"Hilo sikukuuliza," Nalotuesha alisema. Alifungua shanga kwenye mpini wa dumu, akazifunga kwenye ncha ya shuka lake, akashika njia ya kurudi nyumbani. Dumu akaliacha palepale.

*

"Tugawe namba," Ezra alimwambia Denis kesho yake. "Kila mama awe na namba yake, dumu lake, kipimo chake. Ndivyo walivyokuwa wakifanya na ndivyo ilivyo kweli."

Ofisini walikuwemo mhasibu na dada anayeleta chai. Ezra alikuwa ameomba wazungumze wawili, Denis akamwambia hapa hakuna siri.

"Kaka, nani alisema boma ni moja?"

"Ni mimi niliyeandika, lakini..."

"Hebu nisomee ulivyoandika. Kwa sauti."

Ezra akasoma. Mwenye maziwa ni mkuu wa boma. Boma likikutwa na dawa, hufungwa. Likikutwa mara ya pili, hufutwa. Alipofika neno la mwisho, dada wa chai akaangalia ukuta.

"Kiswahili kimenyooka," Denis alisema. "Sasa sikiliza. Vijana wa Dar walishakabidhi kazi na kuondoka. Kubadilisha kitu kama hicho ni mpaka bajeti nyingine, na nikienda kuomba nitaulizwa kwa nini. Nijibu nini? Kwamba mchambuzi wangu alikwenda kwao kabisa, kwa baba yake na mama yake, akashindwa kujua nani mwenye maziwa? Nilikuchukua wewe nikaacha wengine kwa sababu ni mtoto wa kule."

Maneno yale yalimwingia Ezra kwa sababu yalikuwa ya kweli.

"Mkataba wako unaisha lini vile?" Denis aliuliza kwa upole, na wote waliokuwemo walijua unaisha lini. "Basi waambie nyumbani wakae vizuri wao kwa wao. Mfumo hauna shida."

*

Jumamosi alipofika bomani, baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda langoni mwa zizi, pamoja na wazee wawili. Ezra aliinamisha kichwa, kila mmoja akamgusa utosini.

"Karani wa maziwa amefika," mzee Kimaren alisema, na wenzake wakacheka. "Tulikuwa tunakungoja wewe. Kaa."

Akakaa chini.

"Simu imeniambia boma langu limefungwa. Nimekwenda kituoni, yule Mzigua akanieleza. Mikono miwili ndani ya dumu moja, haijulikani nani kaharibu. Mara ya pili wananifuta. Sasa mimi nimeamua uwe mkono mmoja. Ng'ombe wa maziwa wote watahamia zizi la Naishorua. Huyo bado kijana, atakamua. Mama yako amechoka, apumzike."

Apumzike. Lisikie neno hilo lilivyo laini. Mwanamke asiye na ng'ombe wa kukamua huenda kwenye nyumba ya mke mwenzake na kikombe, akaomba maziwa ya chai. Siku atakayokuja mgeni wake, ataomba. Siku mjukuu akilia, ataomba. Nalotuesha aliingia boma lile kabla halijawa boma, likiwa miiba na majivu tu, na yeye ndiye aliyeisiliba nyumba ya kwanza kwa mikono yake.

"Baba, wale wa mama alikabidhiwa," Ezra alisema.

"Alikabidhiwa na nani?"

"Na wewe."

"Basi."

Wazee wakaitikia. Ezra akaomba amwone baba yake pembeni, wakatembea wawili kufuata ua wa miiba mpaka sauti zisiwafikie wale wengine.

"Kuna ng'ombe ulimchoma sindano, baba?"

Mzee hakuficha. "Yule mweusi wa Naishorua alivimba kiwele. Nilimchoma malishoni."

"Hukumwambia Naishorua asimkamue?"

"Nilisahau. Halafu kuna la kumwambia? Ng'ombe wangu."

"Zamani lingekataliwa dumu lake tu, mama asingeguswa. Baba, mwenye kosa siyo mama, na siyo Naishorua."

Mzee Kimaren alisimama. Alikuwa mrefu bado, ingawa magoti yalishaanza kumsumbua. "Wewe ulikuja hapa na bosi wako. Ukaniuliza mbele ya watu, maziwa ni ya nani. Nikajibu kama mwanamume anavyojibu mbele ya watu. Ukaenda kuiandika. Ulijua au hukujua?"

"Nilijua."

"Ulijua." Alilirudia neno lile kama anayelionja. "Mimi sijui kusoma, nikadhani huko ofisini mna sehemu ya kuandika vile watu wanavyosema, na sehemu nyingine ya kuandika vile mambo yalivyo. Sasa simu inanitumia pesa inaniita mwenye maziwa. Wazee wameisikia. Leo niende pale niseme si yangu? Niseme kibuyu cha mke wangu kilinishinda?"

Ezra aliona baba yake naye amenaswa, na hilo lilimtisha kuliko hasira. Mtu mwenye hasira hupoa. Huyu alikuwa ametafutiwa kona na mwanawe, na mahali pa kupitia hapakuonekana.

"Niseme mimi basi," Ezra alinong'ona. "Niwaambie wazee mimi ndiye niliyekosea."

"Ukiwaambia umekosea, umewaambia mimi nilidanganya. Nyamaza. Umeshasema vya kutosha."

Akanyamaza. Tena. Ezra huyo huyo, msomi, mwenye kazi ya kuuliza.

Jua lilipoanza kushuka ng'ombe walirudi kutoka malishoni, na kijana wa kuchunga akaelekezwa pa kuwapitisha. Nanyokie, yule mwekundu, kipenzi cha Nalotuesha, aligeuka akaelekea zizi lake la siku zote. Wakamrudisha. Akageuka tena, safari hii wakamchapa fimbo. Nalotuesha aliangalia yote hayo kutoka mlangoni kwake. Hakulia, wala hakumlaani mtu. Alichukua kibuyu chake, akakisafisha kwa kijinga cha moto kama anavyokisafisha kila siku, akakitundika.

Ezra alilala nyumbani kwa mama yake. Aliandaliwa chai ya rangi. Tangu azaliwe hakuwahi kunywa chai ya rangi ndani ya nyumba ile, na alikishika kikombe kwa muda mrefu bila kukipeleka mdomoni.

"Nitarekebisha, Yeyo."

"Kunywa chai," Nalotuesha alisema.

*

Asubuhi simu ya Ezra ilitikisika kabla hajatoka nje. Boma limefunguliwa. Namba ilikuwa ya kijani, wiki ilikuwa imetimia, mfumo umefanya kazi yake bila kukumbushwa na mtu. Kilichomtoa nje kilikuwa kitu kingine, kilio cha ng'ombe.

Naishorua alikuwa zizini, amechutama chini ya Nanyokie. Alijaribu kumwimbia wimbo, lakini haukuwa wimbo wake, na mkono haukuwa ule anaoujua. Ng'ombe wale hubana maziwa wakiguswa na mgeni. Nanyokie alibana, kisha akarusha teke, kibuyu kikabingirika kwenye samadi. Naishorua akakiokota, akakifuta kwa kiganja, akahamia kwa mwingine wa Nalotuesha. Huyo naye akabana. Ndama waliofungwa upande wa pili wa ua walikuwa wakililia mama zao.

Naishorua akainuka. Ezra alidhani anakwenda kwa yule mweusi wake mwenyewe. Hakwenda. Alitoka zizini, akapita mbele ya mzee Kimaren aliyekuwa langoni na fimbo yake, akakiweka kibuyu chini, karibu kabisa na miguu ya mzee. Halafu akaenda kukaa mlangoni kwa Nalotuesha, bega kwa bega.

"Siwezi kumkamulia mwenzangu ng'ombe wake naye ananiangalia," alisema.

"Inuka," mzee alimwambia.

Hakuinuka.

Simu ya Ezra ililia. Alikuwa Ramadhan, kutoka kituoni. "Ezra, namba ya kwenu ni kijani, waambie walete. Halafu huko kuna nini leo? Kina mama wa maboma sijamwona hata mmoja. Wazigua wangu wote wamekuja, ila kutoka maboma hakuna mtu. Au kuna msiba hatujaambiwa?"

Ezra aligeuka akatazama kule ng'ambo ya korongo, kwenye boma la jirani. Huko pia ng'ombe walikuwa wakilia. Akasikiliza vizuri. Na kule mbele, boma la tatu, walikuwa wakilia. Wanawake wote wale waliokuwa ukutani siku ya mkutano walikuwa wamesikia habari ya Nalotuesha, na kila mmoja alikuwa na namba iliyoandikwa jina la mumewe.

Ujumbe wa Denis ukaingia. Mbona Kwamhingo inaonyesha maboma yote sifuri? Mfumo una shida?

Ezra alianza kuandika, akafuta, akaandika tena. Mfumo hauna shida. Akautuma, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Ezra," baba yake aliita. Wale wazee wawili wa jana walikuwa wameshafika, wamesimama hatua chache nyuma yake, wamekiona kibuyu kilichopo chini. Mzee Kimaren hakukitazama. "Mwambie mama yako akamue. Ng'ombe watapasuka."

Ezra alikwenda mpaka mlangoni, akachutama mbele ya wanawake wale wawili. Karibu hivyo aliona kwamba mama yake alikuwa amevaa mkononi zile shanga za dumu, za buluu na nyeupe.

"Yeyo, wanaumia. Hawana kosa wale. Na yale maziwa..."

"Maziwa ya nani?" Nalotuesha aliuliza.

Ezra alilitambua. Lilikuwa swali lake mwenyewe.

"Si uliuliza, ukajibiwa, ukaandika?" mama yake alisema. Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na ni hapo Ezra alipoelewa kwamba hakuna kitakachorekebishwa tena. "Nenda kwa mwenyewe. Yule pale."

Ezra akageuka. Mzee Kimaren alikuwa amesimama wima langoni, kibuyu kiko kwenye ncha ya viatu vyake, wazee wanamtazama mgongo. Hakuinama kukiokota, wala hakukipiga teke. Nyuma yake, ndani ya zizi, Nanyokie alikuwa ametanua miguu ya nyuma, kichwa chini. Maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, yakidondoka kwenye samadi, na hakuna mtu aliyesogea.